Kamba ya Mugole

Lawrence Owor alikata majani ya ng'ombe asubuhi ile kama alivyofanya tangu mkewe aanze kuugua, kando ya reli chini ya Mafubira, suruali ya kazi ameikunja hadi magotini. Mzigo ulipojaa ndipo alipokumbuka kwamba leo mnyama hatakula hapa. Leo anahamishwa. Hata hivyo akajitwika mzigo wake, maana hakujua mikono yake aipe kazi gani nyingine.

Annah alikuwa amefariki juzi, wodini, kwa kifua kilichomsumbua tangu Pasaka. Sasa alikuwa ndani ya jeneza, kwenye chumba chao cha kupanga, na wanawake wa majirani walikuwa wameketi naye. Alikuwa mtu wa Wanale, upande wa Mbale, chini ya mlima. Jambo la mwisho alilomwomba mumewe lilikuwa azikwe kwao, ndani ya ua, kando ya baba yake.

Ungedhani ni ombi dogo. Lakini Lawrence, askari wa magereza hapa Jinja, alikuwa ameishi na Annah miaka saba bila kumtolea mahari. Na katika ukoo wa Annah, binti aliyekaa na mwanaume hivihivi hapitishwi langoni akiwa maiti. Huzikwa nje ya ua, ng'ambo ya migomba, wanapozikwa wapita njia waliofia eneo hilo. Baba yake mdogo, mzee Semei, alikuwa amekwisha kutuma neno kwa abiria wa basi: ng'ombe aingie kwanza, ndipo mtoto wao aingie. Bila ng'ombe, shimo litachimbwa nje.

Na ng'ombe alikuwepo, hilo ndilo lililouma zaidi. Walimnunua akiwa ndama, mwaka ambao mishahara ya askari ilikuja kwa mafungu, na Annah mwenyewe akamlea nyuma ya nyumba mpaka akawa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Akamwita Mugole, yaani bibi harusi. "Huyu ndiye ataolewa," alikuwa akiwaambia majirani. "Mimi nafuata nyuma yake." Mwaka huu wangempeleka. Halafu kodi ya chumba ikapanda, halafu dawa.

Annah alimweleza mumewe miiko yote ya ng'ombe wa mahari, akicheka. Binti asishike kamba ya ng'ombe wa mahari yake mwenyewe. Mpaka ng'ombe afike kwa wakwe, mwenye kumpeleka asimwite nyama wala kutaja kumchinja, maana ng'ombe husikia, na ndoa yenyewe italiwa. Tena akifika, mama wa binti ndiye hupokea kamba, kwa mkono wa kulia. Akiishika, ng'ombe amepokewa, hakuna mzee wa kubisha.

"Na wewe umeshika kamba sasa hivi," Lawrence alimwambia siku ile.

"Sasa nani atashika? Wewe uko zamu. Au nangoja ngombe ijipeleke yenyewe kwa maji?"

Walicheka wote wawili. Sasa Lawrence hakuwa anacheka. Daktari alikuwa amesema ni mapafu, Lawrence akaitikia kwa adabu, kisha akaendelea kuifikiria ile kamba. Ilimla roho. Aliiona mkononi mwa mkewe kila alipofumba macho, na hakuna mtu pale Mafubira ambaye angemtoa wazo hilo kichwani.

Saa mbili alikuwa ofisi ya mifugo, amevaa shati la sare ili asikilizwe. Mwaka ule kulikuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na ng'ombe hakutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Karani alikuwa mama mnene mwenye kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani.

"Afande, ngombe inatoka Jinja inaenda Mbale? Na karantini iko?"

"Ni ya mahari, madam. Bibi yangu amekufa. Mazishi ni leo."

"Woo! Pole sana, afande." Alimaanisha, hata akaisogeza chai kando. Kisha akarudi kazini. "Lakini ya mahari hapana. Wakati wa karantini inapita ya kuchinja peke yake. Ya kufuga hapana, ya soko hapana, hiyo ya mahari hata haimo."

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Naandika kuchinja. Wewe unataka kufika, si ndiyo?"

Lawrence alitazama mlango. Mugole alikuwa mbali, nyuma ya nyumba, anakula majani yake ya mwisho. Annah naye alikuwa mbali. Karatasi haisemi, akajiambia, na mimi sijasema. "Andika," akajibu. Karani akaandika, akagonga muhuri, akampa pole kwa mara ya pili.

Lori lilikuwa la Swaib, Mnubi wa hapohapo Jinja, mjukuu wa askari wa zamani, ambaye alileta kabichi kutoka Mbale na kurudi mtupu. Yeye na Lawrence walijuana tangu siku ambazo Swaib alikuwa akipeleka mboga gerezani na kuzungushwa malipo. Kwa desturi maiti na ng'ombe wasingepanda gari moja, lakini lori lilikuwa hilo moja. Wakakubaliana kufunga turubai katikati, jeneza mbele, ng'ombe nyuma, na wakifika Wanale ng'ombe ashuke kwanza.

Jeneza lilipokwisha kupakiwa, Mugole alikataa kupanda. Walimvuta, wakamsukuma, Swaib akampiga kofi la paja, akasimama vilevile, miguu ameikita, akiutazama mlango wa chumba. Alikuwa anamngoja mtu wake. Ndipo Kagoya, jirani yao, mama mzee wa Kisoga, akatoka ndani na leso ya Annah, ile ya kijani iliyopauka, aliyokuwa akijifunga kila alipokwenda kukata majani.

"Rolensi, hiyo haikujui wewe," Kagoya alisema. "Inajua mwenyewe. Weka hii kwa bega."

Lawrence akajitupia leso begani. Mugole akanyoosha shingo, akainusa, akapumua kwa nguvu. Kisha akamfuata Lawrence juu ya mbao mpaka ndani ya lori bila kuvutwa. Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakaanza kulia upya, na Lawrence alilazimika kugeukia turubai ili asionekane uso.

Kagoya akampa pia kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mavi mabichi ya Mugole, yaliyookotwa penye kigingi chake.

"Utaweka huko mahali atalala. Kama hakuna, atalia siku mingi, hatakula. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Njiani Lawrence alikaa nyuma, kati ya ng'ombe na turubai. Swaib alipunguza mwendo kwenye mashimo bila kuombwa. Walipita Iganga, wakapita mashamba ya mpunga, jua likawa kali, na Mugole akawa anamlamba chumvi ya shingoni kama alivyokuwa akimfanyia Annah. Mara moja tu Lawrence aligonga turubai kidogo kwa vidole. "Tunafika," akasema. Alijisikia mjinga, na alifurahi kwamba amesema.

Kizuizi kilikuwa kabla ya kuingia Mbale: gogo limelazwa juu ya mapipa mawili, kibanda cha mabati, polisi mmoja na bwana mifugo mmoja. Bwana mifugo alikuwa kijana, amevaa buti za mpira ambazo hazikuwa na tope hata tone. Alisoma kibali, akapanda kwenye gurudumu kuchungulia ndani, akaona jeneza, akavua kofia.

"Pole, afande. Ngombe ni ya kuchinja?"

"Ndiyo, mkubwa, ya matanga," Swaib aliwahi kujibu kutoka kwenye usukani.

"Sikuuliza dereva. Nauliza mwenye ngombe." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tayari kuwapitisha; alichotaka ni mdomo ukubaliane na karatasi. "Afande, hii ngombe ni ya kuchinja?"

Mugole aligeuza sikio. Lawrence alikuwa amesimama pale katikati, leso begani, huku mnyama, huku jeneza. Lilikuwa neno moja. Kazini alikuwa ameitikia "ndiyo, afande" kwa mambo mabaya kuliko hili, kwa wafungwa waliochelewa kuachiwa, kwa chakula kilichotoka ghalani na kisifike jikoni, na hakuwahi kukosa usingizi sana.

"Ni ya mahari," akasema.

"Nini?"

"Ya mahari. Ya huyu bibi yangu."

Bwana mifugo aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Basi hii kibali ni ya uongo."

Swaib alishuka mbio, akamshika Lawrence mkono, akamvutia pembeni. "Wallahi, umerogwa? Sema ndiyo, tuende! Mtu amekupa pole, amevua kofia, anataka neno tu!"

"Tulivunja mwiko moja tukacheka," Lawrence alisema. "Unaona yuko wapi. Mimi sivunji ya pili, na yeye amelala hapo anasikia."

"Annah angekuambia usiwe mjinga."

"Angeniambia. Lakini hasemi tena."

Nyuma yao yalikuwa yamesimama magari mawili na watu walikuwa wameteremka kusikiliza, na labda hilo ndilo lililomharibia kijana wa watu. Mkubwa anayesikilizwa na watu huona haya kuwa mpole. Alivaa kofia yake tena. "Ngombe imetoka kwa karantini na karatasi ya uongo. Nyinyi watu ya sare mnafikiri sheria ni ya raia? Teremsha. Inakaa hapa siku ishirini na moja."

"Bwana, nazika bibi yangu leo. Hii ngombe ndiyo inafungua lango."

"Zika. Nani amekukataza kuzika?"

Polisi akaleta kamba ya katani akamfunga Mugole kwenye pembe, akavuta. Mugole hakusogea. Akavuta tena, akatukana. Akachukua fimbo. Lawrence hakuweza kuitazama ile fimbo. "Acha," akasema, "mimi nampeleka." Akaweka leso vizuri begani, akashuka, na Mugole akashuka nyuma yake, taratibu, pua kwenye kitambaa.

Zizi la karantini lilikuwa nyuma ya kibanda. Halikuwa na ng'ombe hata mmoja. Kulikuwa na gogo la kukatia, jeusi, lenye nzi, na juu ya ua wa miiba zilikuwa zimeanikwa ngozi. Kwenye mti zilining'inizwa kamba nyingi, za mkonge, za magome, za nailoni, kila moja na fundo la mtu wake.

"Hao wengine wako wapi?" Lawrence aliuliza.

"Walimaliza siku zao," polisi alisema, akacheka.

Lawrence alikuwa amewaongoza watu kwa upole miaka mingi, kupita milango ambayo hawakujua upande wa pili kuna nini. Aliijua kazi hiyo. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amemfuata kwa kumwamini. Alifungua fundo la shingoni, ile kamba ya magome aliyoisokota Annah, akaivua kichwani pa Mugole.

"Kamba ni yangu," akasema.

"Beba. Sisi kamba tunazo mingi."

Alipogeuka, Mugole alitaka kumfuata tena, ile katani ikamkaza. Alilia mara moja. Lawrence aliingia mbele ya lori, na Swaib akawasha injini.

Huko Wanale watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kilio kilianza lori lilipotokea kwenye mteremko, kikapungua watu walipochungulia nyuma, kikakoma. Mzee Semei alisimama katikati ya lango, amevaa koti zito la kanisani katika jua lile. Hakuwa mtu mbaya. Ukoo ulikuwa umemweka pale langoni, na kesho ukoo huohuo ungemuuliza.

"Ngombe iko wapi?"

"Wamechukua kwa barabara, mzee. Karantini."

"Nani amechukua?"

"Serikali."

"Kila kijana asiyekuwa na mahari anasema serikali." Semei alisema bila hasira, kwa uchovu. "Shimo iko tayari kule. Tumechimba mbili? Hapana. Tulijua."

Ng'ambo ya migomba ulionekana udongo mwekundu, mbichi, mahali pa wapita njia. Lawrence hakubishana. Alinyoosha mkono wenye kamba. Semei akaweka mikono yake nyuma ya mgongo haraka, maana alijua kushika kamba ni nini.

Khainza, mama yake Annah, alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote. Mama huyu hakupenda Kiswahili. Alijifunza miaka ile ya wanajeshi, pale pale langoni, na alichojifunza ni amri: leta ngombe, fungua mlango, lala chini. Alipokuwa akizungumza na mkwe wake hakuwa na maneno mengine, kwa hiyo hata upendo wake ulitoka kama amri, na Annah alikuwa akimcheka kwa hilo. Sasa alimtazama Lawrence, akatazama leso ya mwanawe.

"Simama hapo," akamwambia.

Alirudi jikoni, akatoka na mzigo wa kamba zilizokuwa zimetundikwa juu ya mafiga, nyeusi kwa moshi. Akazitupa miguuni pa Semei. Alianza kwa Kimasaba, lugha ya kwao, kisha akabadili kwa makusudi, ili mkwe wake asikie.

"Hii, ngombe ya mahari yangu mimi, hapana fika kwetu. Askari nachukua. Hii, ngombe ya mama yako, Semei. Askari nachukua. Hii, ngombe ya bibi yako wewe! Watu ya ushuru nachukua, wewe nalia hapa, mimi naona." Akamsogelea Semei. "Ngombe naenda, kamba nabaki. Sasa mimi hapana bibi ya kaka yako? Bibi yako hapana bibi? Sisi yote naenda kulala kule kwa migomba?"

Mke wa Semei, aliyekuwa ameketi kati ya waombolezaji, aliinua uso akamtazama mumewe, akangoja.

"Shemeji," Semei alisema polepole, "watu watacheka."

"Wacha nacheka."

Kisha akamgeukia Lawrence, akaonyesha njia kwa kidole. "Wewe. Rudi nje. Leta ngombe."

Lawrence hakuelewa. Alisimama na kamba yake.

"Leta ngombe!" Khainza alipiga kelele, na lango lile lilikuwa limeyasikia maneno hayo mara nyingi, lakini si kutoka kwake.

Lawrence alirudi mpaka kwenye lori. Akaitengeneza leso ya Annah begani. Akaishika kamba nyuma yake, juu kidogo, kimo cha shingo ya Mugole, akaanza kutembea. Alitembea pole, kwa sababu Mugole hakupenda miteremko. Hapo machozi aliyokuwa ameyashikilia tangu Mafubira yalimtoka yote, na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kamba na mwingine ulikuwa na kifurushi cha Kagoya.

Semei alitazama chini. Akavua kofia, akatoka langoni, akasimama kando.

Wanawake waliokaa njiani wakasogea. Mmoja akavuta mkeka wake usikanyagwe. Khainza alikuwa amesimama kwenye kaburi la mumewe, penye kigingi kilichokuwa kitupu miaka mingi, na alipokea kamba kwa mkono wa kulia, akaifunga mafundo mawili. Lawrence alifungua jani la mgomba, akaweka mavi ya Mugole chini ya kigingi, pale ambapo angelala.

"Lete majembe huku," Semei aliwaambia vijana. "Ile shimo ya kule mfukie."

Walichimba mpaka jioni, kando ya baba yake. Jeneza lilipoingia, lilipita langoni nyuma ya ng'ombe kama inavyotakiwa. Kamba ilikuwa imelala chini, kitanzi chake wazi, na waliobeba walipofika penye kigingi walizunguka kwa upande, wakampa Mugole nafasi yake.